Mgeni Asiyelala

Kuna kisiwa kimoja kidogo katika Bahari ya Kati, upande wa Italia, ambacho nakijua kuliko ninavyolijua shamba la mjomba wangu. Najua saa ambayo feri hufunga kamba gatini. Najua kwamba ukishuka unageuka kushoto, si kulia, maana kulia wamejaa wenye punda wanaong'ang'ania wageni. Najua ngazi ni mia mbili na kumi, na kwamba kwenye ile ya tisini kuna benchi la jiwe la mtu aliyechoka. Juu kabisa upo mlango wa buluu uliobabuka rangi, na nyuma ya mlango yupo kikongwe mmoja wa Kijerumani mwenye kifua kibovu. Sijawahi kufika huko. Bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, nikiwa na wajukuu tayari, na sikuipenda kwa sababu ina kelele.

Yote hayo niliyajua nikiwa Dodoma, zamani za Mjerumani, katika nyumba ya mhandisi mmoja wa reli. Nilikuwa yaya wa binti yake wa miaka minne. Mimi ni Mgogo, na kwetu ni njia ya kwenda Mvumi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni. Mume wangu alikufa mapema, misheni walinifundisha kusoma, na mdomo nilizaliwa nao. Kazi ile niliichukua kwa sababu mvua ilikuwa imetunyima miaka miwili mfululizo, wala si kwa mapenzi ya Wajerumani. Wasimamizi wa bwana walitembea na kiboko mkononi, na kaka yangu alikuwa na alama zake mgongoni kwa kosa la kuchelewa kazini. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa sioni.

Lakini bibi, mke wa mhandisi, nilimhurumia. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunza Kiswahili kitabuni kisha akakirekebisha jikoni, hata akaokota matusi mawili ya mpishi bila kujua kuwa ni matusi. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa Dodoma ukianza kukosa adabu, alifunga madirisha yote akakaa mezani ameshika tama. Nikamwacha siku ya kwanza, nikamwacha ya pili. Siku ya tatu nikamwuliza ana nini, naye akaniambia.

Mama yake alikuwa mjane, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Mama hakutaka aolewe na mtu wa kumpeleka Afrika. Siku ya kuondoka gari la farasi lilikuwa mlangoni linangoja, mama akasema maneno ambayo bibi hakunirudia yote, na bibi akajibu ya kwake huku amesimama, kofia kichwani, akatoka. Hakuketi hata kidogo. Baadaye kifua cha yule mama kikaharibika, madaktari wakamwambia ahamie penye joto, akaenda kupanga vyumba viwili pale kisiwani, juu ya ghala la muuza malimau. Sasa alikuwa akitema damu, na mwandiko wake ulilegea kila barua iliyofika.

"Nataka niketi," bibi aliniambia. "Niketi mbele yake, nimwombe radhi. Halafu Mungu afanye anavyotaka."

Njia ilikuwepo, ingawa nyembamba. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, bwana alikuwa na likizo ya kwenda kwao. Meli kubwa ya kuwachukua kutoka pwani ingepita mfereji wa Suez, kisha ingetia nanga Napoli siku moja tu, ingefika alfajiri na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Na kutoka Napoli kulikuwa na feri, meli ndogo ya moshi inayovusha watu kila siku kwenda visiwani na kuwarudisha. Feri ya kwenda ilitoka saa tatu asubuhi na kufika saa tano. Ya kurudi ilitoka kisiwani saa tisa, na kufika Napoli saa kumi na moja. Ukitoa nusu saa ya kupanda ngazi na nusu saa ya kushuka, zinabaki saa tatu za kukaa na mama, kama hakuna anayejikwaa.

Basi tukaanza kupanga. Watu wawili, mmoja hajaona bahari, mwingine hajakiona kile kisiwa, tumeketi katika nchi ambayo maji yanachimbwa mchangani mwa mto mkavu, tunapanga safari ya feri. Mpishi alitucheka mpaka akachoka. Bibi alikuwa na karatasi kubwa aliyochora gati, ngazi na mlango, kila kitu kama mama yake alivyokieleza katika barua. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali ya mtu asiyejua, na nakwambia maswali hayo yalisaidia. Nilimwuliza mtoto atakula nini njiani. Nilimwuliza upepo ukivuma wale wa feri hufanya nini, akaandika barua kuuliza, na jibu likaja baada ya miezi miwili kwamba upepo ukivuma sana feri haitoki. Usiku ule hakula. Nikajuta kuuliza.

Nyumbani kwetu nako habari zilifika, kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa na habari. Mama yangu alisikiliza yote, akaingia ndani ya tembe, akatoka na kibuyu kidogo cha asali kilichozibwa kwa nta. "Mpelekeeni huyo mgonjwa," akasema. "Kifua kinataka asali." Bibi alikipokea kile kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kabati la vyombo kisubiri safari. Kwenye karatasi akaandika: asali, abebe yaya. Nami ndio kwanza nikajua kwamba nimo safarini. Sikulala vizuri kwa furaha, na kwa woga wa zile ngazi mia mbili na kumi.

Mwezi wa nne, mvua zilipokwisha, bibi akasema lazima tujaribu. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hakuamini jambo mpaka alitembelee kwa miguu. Kilima cha Mlimwa kilikuwa na urefu wa kutosha, tukakubaliana kwamba chini ni gati na juu ni mlango wa buluu. Mpishi alipanda mapema na kiti. Mimi nilikuwa mama. Bibi alinifunga shali lake mabegani, akaniambia nikae, nikohoe mara moja moja, nisijitie kuwa mzima. Kisha akashuka na mtoto mpaka chini kabisa, akatazama saa yake, akaanza kupanda na kikapu.

Nilimwona akija tangu mbali. Mtoto alichoka nusu ya njia akabebwa. Bibi alifika anatweta, jasho limemtoka, akasema, "Dakika thelathini na mbili." Halafu akasimama mbele yangu.

"Nisalimie," nikamwambia.

"Kwa Kigogo?"

"Kwa lugha yoyote. Ila unisalimie yote."

Maana kwetu salamu haiishi kwa neno moja. Ukishasema mbukwa unauliza nyumba, unauliza watoto, ng'ombe, mvua, na mwisho wazazi. Kila kitu kinajibiwa ni kizima, hata kisipokuwa kizima, mpaka watu wapoe na aliye na neno zito aweze kulisema. Bibi alikuwa ameizoea, maana kila nilipotoka kwetu nilimsalimia hivyo mpaka naye akajifunza. Akacheka kidogo, akasema tutamaliza muda wote. Nikamwambia basi amwombe nahodha amngoje.

Akaketi. Akaanza. Aliuliza nyumba, akauliza malimau badala ya ng'ombe, akauliza upepo badala ya mvua, nami nikajibu nzima, mazima, mzima, huku nakohoa nilivyoagizwa. Tulipofika mwisho akanishika mikono. Alisema kwa Kijerumani, sikuelewa hata neno moja, lakini alilia kilio cha kweli, na mimi, mwanamke wa Kigogo niliyevaa shali la watu juu ya kilima, nikamshika kichwa nikalia naye. Mpishi aliondoka akaenda kutazama upande mwingine. Mtoto akauliza mbona biskuti za kikapuni hazitolewi.

Tulikaa kidogo, tukala biskuti. Kisha bibi akafuta macho, akatazama saa yake, akasema, "Sasa tuseme imefika saa nane na nusu." Akasimama. Akavaa kofia. Akachukua kikapu.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Miezi yote nilijua kwamba watarudi siku ileile. Niliyaona kwenye karatasi, saa tisa, saa kumi na moja. Lakini karatasi ni karatasi. Pale juu, nikiwa nimevaa umama wa mtu mwingine, nikamwona mwanangu aliyetoka mbali anasimama jua likiwa bado juu, na mdomo ukasema wenyewe: "Ni nani amekufa?"

Bibi akanitazama. "Umesema nini?"

Ikabidi nimweleze. Kwetu mgeni aliyetoka mbali hulala. Akila lazima alale, akiamka ndipo anapoaga. Anayeingia kwa mtu na kutoka siku ileile ni mmoja tu, yule anayepeleka habari ya msiba. Yeye husema neno lake, hageuki nyuma, anakwenda nyumba nyingine kulisema tena, au anarudi kwao haraka kwenye kilio. Kwa hiyo mtu akionekana anarudi bila kulala, wanawake huacha kazi zao na kuuliza swali lile moja.

Bibi aliweka kikapu chini. Akaketi juu ya jiwe, upepo unamvuta kofia. "Nilimwacha nimesimama," akasema mwishowe. "Na sasa namwendea tena na kofia kichwani, natazama saa."

Hapo ndipo ningeweza kusema neno. Ningeweza kumwambia, bibi, hizi ni desturi za kwetu, kwenu ni kwingine, mama yako hatakuuliza nani amekufa, atafurahi kukuona. Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Sikulisema. Mzungu alikuwa amenisikiliza, mke wa bwana mkubwa wa reli amekaa juu ya jiwe anafikiri maneno ya kwetu, na mimi niliona raha. Nimezeeka sasa na nimeungama mambo mengi kanisani, lakini raha ile ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuitaja.

Jioni ile akamwambia mumewe kwamba anataka kulala kwa mama yake siku saba, waiache meli iende, wapande nyingine itakayofuata. Nilikuwa namlisha mtoto chumba cha pili, nikasikia. Kijerumani cha ugomvi nilikuwa nakielewa kidogo. Bwana, ambaye sikumpenda na sitajifanya nilimpenda, hakupiga kelele. Alimwambia, "Chukua hizo saa tatu. Unazo." Alilirudia mara mbili. Kisha kwa kuwa alimpenda mkewe, hilo nalo lazima niliseme, akaandika kuomba siku za ziada.

Jibu likaja kutoka pwani. Siku za ziada zimekubaliwa, ila mwenzake aliye likizo arudi kwanza. Wataondoka mwisho wa mwezi wa nane badala ya mwezi wa tano. Bibi alikimbia na ile karatasi mpaka uani nilikokuwa naanika nguo. "Nitalala," akaniambia. "Yaya, nitalala siku saba." Nami nikapiga vigelegele, mpaka jirani wakadhani kuna harusi.

Barua ya kumjulisha mama yake ikaandikwa siku hiyohiyo. Lakini posta ya Ulaya nayo ilikwenda kwa meli, na meli iliyoichukua ilikuwa ileile ambayo wangepanda wao. Hatukufikiria jambo hilo. Tulipanga kila kitu katika safari ile, mpaka leso za mtoto, na hilo hatukulifikiria.

Majibu yalifika mwezi wa saba. Bibi alinisomea akiigeuza kwa Kiswahili polepole. Mama yake alikuwa amepata tu barua ya kwanza, inayosema watafika na feri ya saa tano. Siku ile aliwaomba vijana wa muuza malimau wamteremshe kwenye kiti. Akakaa gatini. Feri ikaja, watu wakashuka, akawatazama mmoja mmoja. Akafikiri labda wamekosea, akangoja mpaka feri ikaondoka saa tisa, akapandishwa tena. Barua ya pili ilimfikia keshoye. Mama aliandika: nilikukasirikia siku moja tu, sasa nimefurahi, kwa sababu mtu aliyekuja kulala ndiye aliyekuja kweli. Nimekutandikia kitanda karibu na dirisha. Mwambie huyo mwanamke aliyekwambia ulale kwamba namshukuru.

Nilivimba kichwa, sina haja ya kuficha. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwetu, nikamwambia mama yangu na majirani zake wote kwamba nimetumiwa salamu kutoka Ulaya. Mama aliniuliza kama mgonjwa ameshapata asali yake. Nikamwambia bado kidogo, mwezi ujao.

Mwezi uliofuata vita vikaja.

Sisi kule bara tuliona treni tu. Zilipita zimejaa askari, zikirudi zinarudi na askari wengine. Bwana akavaa nguo za kijeshi, akaondoka. Siku moja bibi alirudi kutoka stesheni, akaja jikoni, akasimama mlangoni. Akasema meli hakuna. Si mwezi huu wala ujao. Manowari za Waingereza zimefunga bahari, barua haziendi wala haziji. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza mboga. Nikangoja anitukane. Laiti angenitukana kwa yale matusi mawili ya mpishi, ningepona. Alichukua ile karatasi yetu yenye gati na ngazi, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia yake, akaenda kumwogesha mtoto mwenyewe.

Nilikaa naye mwaka mmoja na nusu mwingine. Hatukukitaja kisiwa. Kisha chakula kikawa shida, mtama wa watu ukachukuliwa na jeshi, kaka yangu akakamatwa kwenda kubeba mizigo, na mama akabaki peke yake. Nikaaga. Bibi alinipa shali lile, akasema hataki kulivaa tena. Nililitia kapuni na kulipeleka kwetu, nami sikulivaa.

Waingereza walipoingia Dodoma tulisikia mizinga mpaka kijijini. Ikapita miezi. Daraja zilizovunjwa zikatengenezwa, treni ikaanza tena kushuka pwani. Ndipo mwanamke mmoja aliyetoka kuuza kuku akatwambia kwamba mabibi wa Kijerumani waliobaki wanakusanywa stesheni, kesho wanapelekwa pwani na huko watapakiwa melini.

Niliondoka alfajiri. Nilimwambia mama nitalala Dodoma kwa wifi yangu, nirudi kesho yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua. Kwamba pale mlimani neno lilikuwa mdomoni nikalimeza kwa kiburi, na kwamba saa zake tatu mimi ndiye niliyezila. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, mwanzo na mwisho, kama safari.

Stesheni ilikuwa imejaa. Askari mmoja akanizuia, nikamwonyesha kwa mikono kwamba nililea mtoto wa yule pale, akatazama saa yake, akaninyooshea vidole vya mkono mmoja mara mbili. Dakika kumi. Mtoto ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amerefuka, meno ya mbele hana, akanirukia na kuniita kwa Kigogo. Bibi alikuwa amekaa juu ya sanduku, nywele zimemwingia mvi. Akasogea akanipa nafasi. Nilitaka kuanza maneno yangu nimesimama, yeye akanivuta nguo.

"Keti," akasema. "Mbukwa."

Akaanza. Nyumba? Nzima, nikamjibu, na paa lilikuwa limeanguka upande mmoja. Ng'ombe? Wazima, na walichukuliwa wote. Mvua, mtama, kaka yangu. Mzima, nikasema, na hatukuwa na habari zake. Mama? Huyo alikuwa mzima kweli. Askari alikuwa anatupita pita, na mimi nilikuwa naona dakika zinakwisha, lakini zamu yangu ilikuwa imefika na sikuweza kuiruka. Nyumba? Akacheka, akapiga lile sanduku kwa kiganja, akasema nzima. Mtoto mzima. Bwana yuko kusini na jeshi, mzima. Mwili je, afya? Nzima.

"Na mama?" nikauliza.

"Amekufa," akasema.

Hajibiwi hivyo mtu katika salamu.

"Vita vikiwa bado havijatimiza mwaka, mwezi wa tatu. Barua ilizunguka kwa mikono ya mapadre, imenifikia juzi tu. Ameandika mke wa muuza malimau."

"Kitanda?" Sijui kwa nini niliuliza kitanda.

"Kilikuwa bado kimetandikwa."

Ndipo nikasema. Sikusema kama nilivyopanga, maneno yalitoka yamevurugika, mwisho kabla ya mwanzo. Nikamwambia ni mimi, bibi. Nikamwambia habari ya neno nililolimeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama siku ile mlimani.

"Ningezipata saa tatu," akasema. "Sikudanganyi. Kila siku nazifikiria." Akamvuta mtoto akamweka miguuni pake. "Lakini tangu nimeolewa mama aliniandikia habari za kifua chake tu. Ulipomtumia yale maneno, akaandika habari za kitanda. Shuka gani, mto gani, dirisha lifunguliwe au lisifunguliwe. Hakuna mwingine aliyetaka nilale kwa mama yangu, ila wewe na yeye."

Akaniambia na asali pia. Walikuwa wameila, yeye na mtoto, wakati ule wa njaa, kijiko kimoja kimoja, na anaomba radhi kwa mama yangu. Kibuyu chenyewe alikuwa nacho kikapuni, kitupu. Nikamwambia akae nacho. Filimbi ikalia, askari akaja, wakasimama wote. Sikumwambia kwaheri kwa namna yoyote nzuri. Nilimfunga mtoto kamba ya kiatu, treni ikaondoka.

Kwa wifi yangu sikwenda. Miguu ilinipeleka njia ya kwetu na mimi nikaifuata. Jua lilikuwa linateremka nilipoiona tembe yetu. Mama alikuwa uani anapepeta uwele wa kuazima, mgongo ameinama. Akasikia mbwa, akainua kichwa. Akaniona nimerudi siku ileile, vumbi mpaka magotini, mikono mitupu. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

"Mama yake bibi."

"Yule wa asali?"

"Yule."

Mama aliweka ungo chini. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akaketi mavumbini, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake matangani, akapapasa ardhi pembeni yake nikae. Vita vilikuwa vimetuchukulia ng'ombe, mtama na mtoto wake wa kiume, na yeye aliketi kumlilia Mjerumani mmoja ambaye hata jina lake hatukulijua.

"Haya," akasema. "Nieleze alikokuwa anakaa."

Nikaketi. Nikamwambia kwamba ukishuka kwenye feri unageuka kushoto.